Chumba Kimoja Chenye Magurudumu

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa barabara ya Jogoo, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Doonholm, utapita Shauri Moyo na Kaloleni, kisha Makongeni, Mbotela na Jericho, na mwisho ukishika barabara ya Outer Ring utafika kwa mafundi wa Kariobangi. Huko hakuna mti wa kivuli wala jani la kupumzisha macho. Kuna moshi wa kuchomelea, kelele za nyundo, na mifupa ya matatu iliyosimama safu kwa safu ikingoja kuvikwa mabati. Katika uwanja mmoja wa hapo, siku ya Jumamosi nilipokwenda kutengenezewa mlango wa chuma, ndipo nilipoiona karavani.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, karavani ni nyumba ndogo yenye magurudumu, haina injini yake yenyewe, nayo huvutwa nyuma ya motokaa. Hii ilikuwa ya Kiingereza, ya miaka ya 1960, urefu wake futi 12, na mabega yake yalikuwa ya mviringo kama mgongo wa kobe. Rangi yake ilikuwa nyeupe ya maziwa, na kiunoni ilifungwa mshipi wa kijani. Mlango ulikuwa umeng'oka na kuegemezwa ukutani, na kuku wawili walikuwa wakitaga juu ya kitanda chake. Fundi aliniambia kwamba imetoka katika shamba moja la Bonde la Ufa, ambako ilikaa chini ya mti miaka mingi tangu mwenyewe alipoacha kusafiri. Mimi nilisimama pale karibu saa nzima, na mlango wangu nikausahau.

Sisi tulikuwa na chama cha kuweka akiba, watu sita, wote makarani, wakaao Jericho, Maringo na Buruburu. Jioni ya Jumapili nikawaeleza habari ya karavani, nikawaomba kila mmoja atoe shilingi 20,000 tuinunue, tuitengeneze, tuwe tukiwapeleka jamaa zetu kupiga kambi wakati wa likizo. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akauliza: "Bwana Karani, mimi nililelewa na ndugu zangu watano katika chumba kimoja Shauri Moyo. Nimetumia miaka thelathini kukitoroka chumba kile. Nawe sasa wataka nilipe pesa nikakae chumba kimoja?" Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lile lilinikaa moyoni, na usiku sikupata usingizi kwa kulifikiri.

Maana alisema kweli. Mtu wa Eastlands hahitaji kufundishwa namna ya kukaa padogo. Katika nyumba za zamani za baraza la mji, mtu alipewa chumba kimoja, akapitisha pazia katikati, upande mmoja pakawa sebule na upande wa pili chumba cha kulala. Sufuria zilikaa chini ya kitanda, masanduku yalikaa juu ya kabati, na kiti cha mgeni wa mchana kilikuwa kitanda cha mtoto wa usiku. Basi nilipoitazama karavani ile kwa ndani, meza yake inayoshuka ikawa kitanda, kabati lililojificha chini ya kiti, jiko dogo lenye kifuniko kinachogeuka kuwa mahali pa kukatia mboga, sikuona jambo geni. Niliona chumba cha mama yangu, isipokuwa kimetengenezwa na seremala aliyelipwa vizuri.

Tofauti ni moja tu, nayo ndiyo niliyowajibu wenzangu Jumapili iliyofuata. Chumba cha Shauri Moyo, ukifungua mlango, utaona mlango wa jirani. Chumba hiki, ukifungua mlango leo utaona ziwa, na kesho utaona mlima. Mzungu anayenunua karavani huikimbia nyumba kubwa akatafute udogo. Sisi udogo tunao tayari, na tunaloweza kubadilisha ni kile kilicho nje ya kizingiti. Mwenyekiti alikaa kimya kidogo, akatoa shilingi zake 20,000, akasema atazidai siku ya mwisho wa dunia.

Desturi hii ya kutembea na nyumba si ya jana. Mwaka wa 1885 daktari mmoja Mskoti, William Gordon Stables, ambaye pia alikuwa mtungaji wa hadithi za vijana, alijengewa huko Bristol nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na farasi wawili. Alikuwa na mwendesha farasi wake, na mtumishi aliyetangulia mbele juu ya baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu barabarani. Waingereza wengine walipendezwa, na kufikia mwaka wa 1907 wakaanzisha chama chao cha wenye karavani. Lakini aliyezifanya karavani ziwe kitu cha kutamaniwa hata na mtu asiye na haja nazo ni Mmarekani, Wally Byam, aliyezaliwa mwaka wa 1896 katika jimbo la Oregon. Katika ujana wake alichunga kondoo, akilala ndani ya kigari cha wachungaji kilichovutwa na punda. Katika miaka ya 1930 alianza kuunda karavani za alumini zenye umbo la mviringo, zilizofungwa kwa ribiti kama ndege, akaziita Airstream. Zinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Nguvu yake na wepesi wake viliaminiwa hata na wenye elimu ya anga, kwa kuwa watu wa chombo cha Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini mwaka wa 1969, walitengwa ndani ya karavani ya Airstream iliyogeuzwa kwa kazi hiyo.

Huyu Byam alifika kwetu. Mwaka wa 1959 aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town, ya kwake mwenyewe ikiwa na rangi ya dhahabu, wakapita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda na Kenya, wakaingia Uhabeshi, na mwaka wa 1960 wakafika Cairo. Picha ya karavani zile zilizopangwa karibu na piramidi imezunguka dunia nzima. Najaribu kufikiri mtu wa Kenya wa mwaka ule aliyesimama kando ya barabara ya vumbi akaona nyumba 41 za fedha zikipita moja baada ya moja, mapazia madirishani. Kwa hakika alikuwa na habari ya kusimulia jioni ile.

Neno lenyewe karavani kwa asili ni la Kiajemi, na maana yake ni msafara. Na msafara sisi twaujua, ila tuliujua kwa kichwa na mabega. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka wa 1909, mizigo yake, pamoja na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama, ilibebwa na wapagazi zaidi ya 200. Mpagazi alilibeba hema, akalisimamisha, akachota maji ya Bwana ya kuoga, akawasha moto, kisha akaenda kulala kando ya moto ule. Asubuhi akalikunja hema ambalo hakulala ndani yake. Nadhani hii ndiyo sababu moja ya watu wetu wengi kuona kupiga kambi ni kazi, wala si mapumziko. Siwalaumu.

Turudi Kariobangi. Matengenezo yalichukua miezi mitatu na yakala shilingi 95,000. Kwa nje karavani ilionekana nzima, lakini karavani za wakati ule ni mifupa ya mbao iliyovikwa alumini, na maji ya mvua yakiingia kwenye pembe ya dirisha, huozesha mbao polepole pasipo mtu kujua. Fundi alipolibandua bati la upande wa kushoto, mbao zilimwagika chini kama unga wa ugoro. Ikambidi seremala aziunde upya kwa saipresi. Fundi wa mabati alitoka Kamukunji, mahali ambapo wanatengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko ya makaa, naye alikunja alumini ile kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha reli, bila ramani wala kipimo, akaipata duara ya bega kama ilivyokuwa. Nilimwuliza amejifunza wapi. Akasema bega la karavani na bega la sufuria ni ndugu. Beringi za magurudumu zilibadilishwa, springi zikapakwa grisi, tairi mpya mbili, na nambari ya usajili yenye herufi ya Z kama trela nyingine zote za Kenya. Viti vilishonewa vitambaa na mke wa mweka hazina, vya kitenge cha manjano, na hapo ndipo karavani ilipoacha kuwa ya Kiingereza.

Mambo yalipofika hapo, shetani wa fedha akatuingilia. Mtu mmoja mwenye biashara ya vyakula alipita kwa fundi, akaiona, akataka kuinunua aifanye kibanda cha chipsi karibu na kituo cha magari. Angekata dirisha kubwa ubavuni, aweke makarai mawili ya mafuta. Alitoa shilingi 300,000 taslimu. Sisi tulikuwa tumetumia 215,000, basi faida ilikuwa 85,000 pasipo jasho. Karo za shule zilikuwa zinakaribia. Mweka hazina alisema tuuze leo kabla mtu yule hajabadili nia, na watu wawili wakamwunga mkono. Watatu tulikataa. Tulibishana mpaka saa nne ya usiku, urafiki wa miaka tisa ukawa karibu kuvunjika kwa ajili ya kobe wa mabati. Mwisho mwenyekiti akaamua tusafiri nayo mara moja tu, wakati wa likizo ya Aprili, tukirudi tupige kura, na asiyeridhika asinung'unike.

Siku tatu kabla ya safari tuliileta Jericho, tukaisimamisha kwenye uwanja kati ya nyumba. Hapo ndipo nilipojua uzuri wa kitu cha zamani. Magari mapya hupita mtaani kwetu kila siku na hakuna ageukaye. Lakini karavani hii ilikusanya watu kama arusi. Wengine waliuliza kama ni zahanati ya macho, wengine kama ni duka la M-Pesa. Mama mmoja mzee alipapasa bati lake akasema ina uso wa mtu mpole. Nafikiri ndivyo ilivyo. Karavani nyingi za siku hizi zimenyooka kila upande kama friji iliyolazwa, lakini hii iliundwa na mtu aliyetaka ipendeze hata ikiwa imesimama.

Jioni ya siku ya pili alikuja baba yake mweka hazina, mzee wa Bahati ambaye umri wake umepita miaka tisini. Alizunguka karavani mara moja kwa fimbo yake, akaniuliza, "Inakwenda wapi hii?"

"Kambini, Mzee," nikamjibu bila kufikiri.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nilikwenda kambini mwezi wa nne mwaka wa 1954. Sikutozwa nauli."

Nikaona haya hata nikakosa pa kuweka mikono. Tarehe 24 Aprili mwaka ule serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi, ikawakamata maelfu ya watu, wengi wao kutoka mitaa hii ya Eastlands, ikawapeleka Langata na baadaye Manyani na Mackinnon Road. Mzee alikuwa kijana wa kazi wakati huo. Nilianza kumwomba radhi, lakini akaniashiria ninyamaze, akauliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja. Mwanawe alimkataza kwa ajili ya baridi na umri wake. Yule mzee hakujibizana naye. Asubuhi ya safari tulimkuta ameketi kiti cha mbele cha Land Rover, blanketi magotini.

Tulikwenda jamaa tatu. Land Rover kuukuu ya jirani yetu ilivuta karavani, na gari la pili likafuata na mahema mawili. Tulipanda Limuru katika ukungu, na tulipofika ukingoni, Bonde la Ufa likafunguka chini yetu na mlima Longonot katikati yake. Mteremko wa kwenda Mai Mahiu si mchezo kwa mwenye kuvuta mzigo. Karavani husukuma gari kwa nyuma kama mtoto mwenye haraka, na dereva asiyetumia gia ndogo atachoma breki. Sisi tulizichoma kidogo, harufu ikaingia ndani, tukapumzika karibu na kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka wa 1942, wakati walipokuwa wakijenga barabara ile. Mzee alishuka akalitazama. Wazee wa Kaloleni husimulia kwamba wafungwa hao walifanya kazi katika nyumba zao pia. Mzee akasema tu, "Na hawa nao walikuwa na kambi yao."

Tulifika Naivasha saa nane ya mchana, tukachagua mahali chini ya migunga yenye magome ya manjano. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka wa 2020, na miti iliyokufa ingali imesimama majini, furukombe wakiifanya minara yao. Kuisimamisha karavani kulitugharimu nusu saa. Tuliteremsha miguu yake minne, tukaweka bakuli la maji juu ya meza kupima usawa, mtoto mmoja akawa mtangazaji: "Bado! Bado! Sawa!" Akina mama walipika ugali na samaki wa ziwani, na mwenyekiti, yule aliyetoroka Shauri Moyo, hakutaka kutoka ndani. Alikuwa akifungua kabati na kufunga, akifungua na kufunga.

Usiku ulipoingia watoto waliogopa, na ilinichukua muda kujua sababu. Hawakuogopa kiboko, ambaye tulimsikia akikata majani nje ya ua wa umeme kama mtu anayerarua nguo mpya. Waliogopa giza. Mitaani kwetu taa za mulika mwizi huwaka mpaka alfajiri, na mtoto wa Eastlands aweza kufika darasa la sita hajaona usiku wenyewe ulivyo. Tuliwatandikia mkeka nje wakalala chali. Baada ya robo saa binti yangu aliuliza nyota hizi zote zilikuwa wapi siku zote. Sikuwa na jibu zuri.

Ndani ya karavani tulilala watu wanne: mimi, wanangu wawili, na Mzee. Nilimpa kitanda cha karibu na mlango, kilicho pana. Nilipokuwa nikizima taa akaniuliza, "Mwanangu, kitasa hiki kinafungwa kwa ndani ama kwa nje?"

"Kwa ndani, Baba."

Akanyosha mkono akakifungua. Hewa ya ziwa ikaingia. Akakifunga. Akakifungua tena, akatoa kichwa nje akatazama, akarudi, akakifunga. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu akageukia ukutani, na kabla sijavuta blanketi nikasikia anakoroma.

Saa tisa ya usiku mvua ya Aprili ilishuka juu ya alumini kwa kishindo. Kazi ya Kariobangi na Kamukunji ilijaribiwa usiku ule, na ilishinda, isipokuwa ribiti moja juu ya jiko iliyopitisha tone baada ya tone. Nikatega sufuria. Waliolala katika mahema walihamia kwetu mmoja mmoja, wakiwa wamelowa, hata alfajiri tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya futi 12, chai ikichemka, madirisha yamejaa mvuke, na mwenyekiti akapaza sauti, "Shauri Moyo!" Tulicheka hata kobe wetu akatikisika juu ya springi zake.

Kurudi kulikuwa kugumu. Land Rover ilichemka mara mbili kupanda mlima, na tulifika Jericho saa tatu ya usiku. Jumapili iliyofuata tulikutana kupiga kura. Watatu tuliokuwa na nia ya kuiweka tulibaki na nia yetu, na wawili waliotaka kuiuza walitaka vilevile. Ikabaki sauti ya mweka hazina, aliyekuwa wa kwanza kusema tuuze. Alifungua daftari, akaandika kitu, akaligeuza tukasome. Aliandika: ribiti moja na gundi ya kuzibia maji, shilingi 350, kabla ya safari ya Agosti.

Mwenye chipsi bado hutuma kijana wake kila mwisho wa mwezi kuuliza kama tumebadili nia. Na Mzee amemtuma mwanawe kuniambia kwamba mwezi wa Agosti atataka kitanda kilekile, cha karibu na mlango.